Sanaa kwa Mwenye Maradhi ya Kudumu: Chagua Kazi Inayolingana na Nguvu Ulizonazo

Mtu anayeishi na ugonjwa wa kudumu hupangiwa karibu kila kitu katika siku yake. Dawa zina saa zake, vipimo vina tarehe zake, chakula kina masharti yake, na usingizi nao huja pale tu maumivu yanapouruhusu. Ndugu wanaompenda humfanyia kazi alizokuwa akizifanya mwenyewe, na kila wanapomwambia apumzike humpunguzia, bila kukusudia, mamlaka aliyokuwa nayo juu ya maisha yake. Miaka ikipita katika hali hiyo, mgonjwa huzoea kuwa mtu wa kutendewa. Ninaandika haya nikiwa na baridi yabisi, ugonjwa unaofanya kinga ya mwili ishambulie maungio ya mifupa ya mwili huo huo, na nimeishi nao muda wa kutosha kujua kwamba kule kutendewa tu huumiza nafsi mahali ambapo dawa za kutuliza maumivu hazifiki.

Msaada mkubwa nimeupata katika kuchora, kukata na kubandika karatasi, na kuandika. Nimefikiri sana kwa nini mambo hayo yamenifaa, na jibu ninaloliamini ni kwamba sanaa humrudisha mgonjwa katika nafasi ya mtendaji, yaani mtu anayeamua mwenyewe mstari uelekee wapi, rangi ipi ikae kando ya ipi, na kazi ikomee wapi. Hata hivyo, msaada huo hupotea mara moja iwapo sanaa yenyewe itageuka kuwa jukumu jingine linalomshinda. Kwa sababu hiyo ninamshauri kila mgonjwa anayetaka kuanza azitazame kwanza nguvu alizonazo siku hiyo, kisha achague kazi inayozifuata. Suala la kipaji linaweza kusubiri, na kwa wengi wetu halina haja ya kuulizwa kabisa.

Uhusiano kati ya maradhi ya muda mrefu na afya ya akili unafahamika vizuri miongoni mwa wataalamu. Watu wenye kisukari, kwa mfano, hupatwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, mara mbili hadi tatu zaidi ya wasio nacho. Sababu ni nyingi na huingiliana: maumivu huvuruga usingizi, ukosefu wa usingizi huongeza maumivu, uchovu humtenga mtu na marafiki, na kutojua kesho mwili utaamkaje humfanya aogope kupanga lolote. Katika magonjwa kama langu, uvimbe wenyewe unaosambaa mwilini huweza kuchangia hali ya moyo kuwa mzito, na baadhi ya dawa, hasa zile za kupunguza uvimbe za jamii ya prednisoloni, huweza kubadilisha hisia za mtu kwa namna ambayo yeye na watu wa nyumbani kwake hawaielewi. Ninayataja haya ili msomaji mwenye hali kama hiyo asijilaumu kwamba ana moyo dhaifu. Huzuni yake ina mizizi mwilini na katika mazingira, na inastahili kushughulikiwa kwa uzito ule ule unaopewa vidonda na vipimo vya damu.

Kuhusu ushahidi, mwaka 2019 ofisi ya Shirika la Afya Duniani ya kanda ya Ulaya ilitoa ripoti iliyoandaliwa na Daisy Fancourt na Saoirse Finn, ambayo ilikusanya matokeo ya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya na kuonyesha kwamba sanaa ina nafasi katika kukinga maradhi na katika kuwasaidia watu kuishi nayo. Utafiti mwingine ninaoupenda ulichapishwa mwaka 2016 na Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel nchini Marekani. Watu wazima 39 wenye afya walipewa dakika 45 za kuchora, kufinyanga udongo au kubandika karatasi kadiri walivyopenda, na kwa takriban robo tatu yao kiwango cha kotisoli, homoni inayohusishwa na msongo, kilishuka. Wale waliozoea sanaa hawakupata nafuu kubwa kuliko wale ambao hawakuwa na uzoefu wowote. Utafiti huo ulikuwa mdogo na haukuwahusu wagonjwa, kwa hiyo siwezi kuupa uzito usio wake, lakini unaunga mkono jambo ambalo nimeliona mwenyewe: faida hutokana na tendo la kufanya, na uzuri wa kilichofanywa hauna sehemu kubwa.

Asubuhi, mtu mwenye baridi yabisi huamka na vidole vilivyokaza. Kukaza huko kwangu huchukua zaidi ya saa moja kabla ya kulegea, na katika muda huo siwezi kufunga kifungo cha shati wala kushika kalamu nyembamba. Nilipoanza kuchora nilijifunza kuacha asubuhi ipite na kuanza kazi alasiri, wakati vidole vimekwisha kupashwa moto na shughuli ndogo za siku. Penseli niliizungushia kitambaa mara kadhaa na kukifunga kwa utepe mpaka ikawa nene kiasi cha kushikwa kwa kiganja kizima, kwa kuwa kinachoumiza zaidi ni kule kubana kwa ncha za kidole gumba na cha shahada. Karatasi niliibandika kwa utepe kwenye ubao mwepesi ulioegemezwa juu ya mto mapajani ili nisiinamishe shingo wala nisitumie mkono wa pili kuishikilia. Kalamu za rangi zenye wino mwingi zilinifaa kuliko penseli za rangi, kwa sababu hutoa rangi kamili bila kukandamizwa. Mkasi ninaoutumia una springi inayoufungua wenyewe, hivyo mkono hufanya nusu tu ya kazi. Vitu hivi ni vidogo, na ndivyo vilivyoamua kama ningeendelea au ningeacha.

Mwenye ugonjwa mwingine atakuwa na hesabu nyingine. Mtu anayesafishwa damu kwa mashine kwa sababu ya figo kwa kawaida hukaa kitini kama saa nne, mara tatu kwa wiki, na mkono wenye mshipa uliotengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo hautakiwi kusogezwa wala kubeba mzigo. Anabaki na mkono mmoja, ambao pengine si ule aliouzoea. Kwake yeye kuchora kwa mkono usio wa kawaida ni jambo la busara, kwani mkono huo haujawahi kutarajiwa kuchora vizuri na hivyo huchora kwa uhuru. Daftari lenye jalada gumu lisilojikunja, kalamu moja iliyofungwa kwa uzi ili isianguke sakafuni, na saa hizo nne hupata kazi. Mtu ambaye matibabu ya saratani yamemletea kichefuchefu atakimbia rangi zenye harufu, na pengine atapendelea kusikiliza muziki na kuupangia mpangilio wake mwenyewe, nyimbo za kuingia katika matibabu na nyimbo za kutokea. Mwenye maumivu ya kichwa ya mara kwa mara hatavumilia kazi ya macho ya karibu, lakini anaweza kufinyanga udongo laini akiwa amefumba macho katika chumba chenye mwanga hafifu.

Historia ya sanaa ina watu waliolazimika kupiga hesabu za aina hii, na ninawakumbuka kwa ajili ya mbinu zao zaidi kuliko kwa ajili ya sifa ya ushujaa waliyopewa baadaye. Mchoraji wa Kifaransa Pierre-Auguste Renoir, aliyefariki mwaka 1919, aliishi na baridi yabisi kwa zaidi ya miaka 20 ya mwisho wa maisha yake. Vidole vyake vilipopinda, viganja vyake vilizungushiwa vitambaa ili ngozi isichubuke, msaidizi akawa anamwekea brashi mkononi, na turubai ikafungwa kwenye mitambo ya kuiviringisha ili sehemu ya kuchorwa imfuate alipoketi. Mchoraji mwingine wa Kifaransa, Henri Matisse, alifanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo mwaka 1941 kwa sababu ya saratani, na baada ya hapo muda wake mwingi ulipita kitandani au kwenye kiti cha magurudumu. Alianza kukata maumbo kwa mkasi kutoka kwenye karatasi ambazo wasaidizi wake walikuwa wamezipaka rangi, kisha akawaelekeza mahali pa kuyabandika ukutani. Mchoraji wa Mexico Frida Kahlo alikuwa na umri wa miaka 18 mwaka 1925 wakati basi alilopanda lilipogongana na tramu katika mji wa Mexico City. Akiwa amelala chali, alitengenezewa kiegemezo maalumu cha kuchorea na kioo kikawekwa juu ya kitanda, naye akajichora kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mbele ya macho yake.

Wote hao walikuwa na wasaidizi au familia iliyoweza kuwatafutia vifaa, na ni haki kulikumbuka hilo kabla ya kumwambia mgonjwa yeyote kwamba Frida aliweza kwa hiyo naye aweze. Kauli kama hiyo inaumiza. Lakini kuna mfano mmoja ambao hunipa faraja ya kweli, nao ni wa mchoraji Paul Klee. Alianza kuugua mwaka 1935 ugonjwa ambao baadaye ulitambuliwa kuwa sklerodema, unaoifanya ngozi na viungo vya ndani kuwa vigumu. Mwaka uliofuata alitoa takriban kazi 25 tu, yeye aliyekuwa amezoea kutoa mamia. Kisha, mistari yake ikiwa minene na rahisi zaidi kuliko zamani, mwaka 1939 alitoa kazi zaidi ya 1,200, na akafariki mwaka 1940. Idadi hizo haziwezi kuwa kipimo kwa mtu mwingine. Ninazikumbuka pale ugonjwa wangu unapoamka na miezi ikapita bila mimi kugusa karatasi, kwa sababu mwaka mkavu wa mchoraji huyo haukumaanisha kwamba mambo yamekwisha.

Sasa nieleze zoezi ambalo limenisaidia kuliko yote, nalo ni ramani ya mwili. Mwaka 2002, katika kitongoji cha Khayelitsha mjini Cape Town, kikundi cha wanawake waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI, ambao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kupata dawa za kufubaza virusi katika eneo hilo, walichora ramani za miili yao kwa ukubwa wa mwili halisi. Mmoja alilala juu ya karatasi kubwa, mwenzake akafuatisha umbo lake kwa kalamu, kisha kila mwenye mwili akajaza ndani yake makovu, virusi, dawa, watoto aliowazaa, na mahali alipoamini kwamba nguvu zake zinatoka. Njia hiyo imesambaa tangu wakati huo na hutumiwa na watu wenye maradhi mengi tofauti.

Nyumbani si lazima karatasi iwe kubwa. Mimi huchora maumbo mawili madogo, moja la mbele na jingine la nyuma, bila sura wala mapambo, na kuchagua rangi kwa kila aina ya hali ninayoisikia. Maumivu yanayochoma yana rangi yake, yale ya kukaza yana yake, na ganzi ina yake. Mahali maumivu yanapokuwa makali ninarudia rangi mpaka karatasi inaloa. Hatua ya mwisho, ambayo niliiongeza mwenyewe na ninaisisitiza kwa yeyote atakayejaribu, ni kutia rangi mahali pasipouma. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilitulia muda mrefu nikitazama paji la uso, masikio, kiuno na mapaja, sehemu ambazo sikuwa nimezifikiria kwa miezi mingi kwa kuwa hazikuwa zimenisumbua. Mwili niliokuwa nikiuita mbovu ulikuwa na eneo kubwa lililo zima. Maumivu hayakupungua hata kidogo siku hiyo, lakini sikulala nikiwa na chuki ile ile dhidi ya mwili wangu.

Ramani hizo zina faida nyingine ambayo sikuitarajia. Daktari anapouliza maumivu ni kiasi gani kutoka 0 hadi 10, mgonjwa aliyechoka hutaja namba yoyote. Niliwahi kwenda kliniki na ramani za wiki kadhaa zilizokuwa na tarehe na saa, na daktari akaona kwamba rangi ya kukaza ilikuwa ikijirudia kwenye vifundo vya mikono kila asubuhi na kubaki kwa zaidi ya saa nzima, jambo ambalo kitabibu huashiria uvimbe unaoendelea. Mazungumzo yetu siku hiyo yalikuwa marefu na yenye maana kuliko yote yaliyotangulia, na yalihusu matibabu yenyewe. Kwa hiyo, ukichora maumivu yako, andika tarehe pembeni na usione haya kuipeleka karatasi hiyo hospitali.

Kuandika nako kuna nguvu yake, ila kunahitaji tahadhari zaidi. Mwaka 1999 ilichapishwa nchini Marekani taarifa ya utafiti uliowahusu watu wenye pumu na wenye baridi yabisi, ambao waliombwa kuandika kwa dakika 20 kwa siku tatu mfululizo. Kundi moja liliandika kuhusu tukio lililowatia uchungu zaidi maishani, na kundi jingine kuhusu mipango yao ya kila siku. Miezi minne baadaye, takriban asilimia 47 ya wale walioandika kuhusu uchungu walikuwa na nafuu inayoonekana kitabibu, dhidi ya asilimia 24 katika kundi la pili. Tafiti zilizofuata zimetoa matokeo ya wastani zaidi, na nyingine hazikuona tofauti kubwa. Mimi ninakubali kwamba kuandika husaidia, kwa sharti kwamba mwandishi anasogea mahali.

Kwa kusogea nina maana hii. Ukiandika leo kwamba umechoka na hakuna anayekuelewa, na wiki ijayo ukaandika hivyo hivyo, na mwezi ujao maneno yakawa yale yale, basi daftari linakuzungusha ndani ya jeraha. Katika hali hiyo ninashauri kubadili nafasi ya msemaji. Andika kuhusu nafsi yako kana kwamba unamwandikia mtu mwingine unayemjua vizuri. Uandikie ugonjwa barua na uuambie ulichokunyang'anya, kisha uandike jibu lake. Au acha kabisa habari za ndani na ueleze kitu kimoja kilicho mbele yako kwa usahihi wote unaouweza, kama vile mwanga unavyosogea ukutani kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja. Yule anayehisi kwamba tukio fulani ni zito mno, kwamba akilifungua litamzamisha, asilifungue akiwa peke yake. Ni kawaida kujisikia vibaya kidogo mara baada ya kuandika jambo la uchungu, na kwa kawaida hali hiyo hupita katika muda mfupi. Isipopita, au ikizidi, huo ni wakati wa kuweka kalamu chini na kumtafuta mtu wa kuzungumza naye.

Kuimba na kucheza ngoma nitavigusa kwa ufupi kwa sababu uzoefu wangu hapo ni mdogo. Kuimba hufundisha kutoa pumzi polepole na kuuweka wima mgongo, na ndiyo sababu kuna vikundi vya uimbaji vilivyoanzishwa mahsusi kwa watu wenye maradhi sugu ya mapafu. Katika jiji la New York, tangu mwaka 2001 kikundi cha ngoma cha Mark Morris kimekuwa kikiendesha madarasa kwa watu wenye ugonjwa wa Parkinson, unaoleta kutetemeka na kukaza kwa misuli, na madarasa ya aina hiyo yameenea katika nchi nyingi. Faida iliyo wazi katika sanaa hizi ni kukutana na wengine, jambo ambalo mchoraji wa kitandani hukosa.

Yapo mambo ya usalama ambayo wanaohimiza sanaa mara nyingi huyasahau. Mwenye pumu au ugonjwa mwingine wa mapafu ajiepushe na vumbi la mkaa wa kuchorea na la chaki za rangi, na asitumie rangi za mafuta zinazohitaji tapentaini katika chumba kisicho na hewa ya kutosha. Rangi za maji zinamtosha. Mwenye kisukari ambacho kimemwondolea hisia kwenye vidole asitumie wembe wala gundi ya moto, kwa sababu anaweza kujikata au kuungua bila kujua. Anayetumia dawa zinazopunguza kinga ya mwili, kama ninazotumia mimi, aoshe mikono baada ya kushika udongo na afunike kila mchubuko. Kufuma na kudarizi ni kazi nzuri, lakini kurudia mwendo mmoja wa mkono kwa saa nzima ni adhabu kwa kiungo kilichovimba, na hivyo ni vyema kupumzika kila baada ya dakika 15 hadi 20 na kunyoosha vidole.

Hilo linanileta kwenye kanuni ninayoiona kuwa ngumu kuliko zote, yaani kuacha kabla ya kuchoka. Siku ya nafuu huleta tamaa. Mgonjwa ambaye kwa siku nyingi hakuweza kushika kitu hutaka kufidia yote kwa mara moja, na siku inayofuata hulala akiwa na maumivu mara dufu, na akili yake hujifunza kwamba kuchora kunaumiza. Ninaweka kengele, na inapolia ninaacha hata kama mstari haujafika mwisho. Mstari ambao haujamalizika una faida yake, kwa kuwa kesho unajua pa kuanzia. Siku ambazo sina nguvu hata za dakika chache, ninachagua rangi tu: ninazipanga juu ya shuka zile ninazotaka kuzitumia nikiamka vizuri, kisha ninazirudisha. Ninahesabu siku hiyo kuwa siku ya kazi, na ninaamini kabisa kwamba ni kazi.

Ninapinga pia shinikizo la kuuza na kuonyesha. Mara tu watu wanapojua kwamba mgonjwa anachora, humshauri afungue ukurasa, aweke picha zake, apate fedha za matibabu. Wengine wanafaidika na hilo na ninawatakia heri. Hata hivyo, kazi ikishakuwa na wateja inakuwa na tarehe, na tarehe ndizo zilizokwisha kujaa katika maisha yetu. Nakushauri uwe na daftari moja ambalo halitaonyeshwa kwa mtu yeyote, na uwaambie wa nyumbani waziwazi kwamba ni la faragha. Ndani yake unaweza kuchora vibaya, kuchukia, kulalamika na kuchana kurasa.

Kuna tofauti pia kati ya sanaa ya nyumbani na tiba ya sanaa. Jina hilo la tiba ya sanaa lilianza kutumika Uingereza miaka ya 1940 kupitia mchoraji Adrian Hill, ambaye alianza kuchora kitandani mwaka 1938 alipokuwa akitibiwa kifua kikuu, kisha akawashawishi wagonjwa wenzake nao wachore. Leo hiyo ni taaluma yenye mafunzo rasmi, na mtaalamu wake hukaa na mgonjwa kama mshauri, akimsaidia kufikia mambo yaliyokwama ambayo maneno peke yake hayajayafikia. Ninayoyaeleza hapa ni sanaa ya kujitunza, ambayo mtu anaweza kuianza mwenyewe, na kamwe haichukui nafasi ya dawa wala ya mtaalamu.

Tena, sonona ikiingia, sanaa ndiyo huwa ya kwanza kupoteza ladha. Kwa mgonjwa wa kudumu, uchovu, kukosa usingizi na kukosa hamu ya kula vinaweza kutokana na ugonjwa wenyewe au na dawa, kwa hiyo alama hizo peke yake hazitoshi kutambua sonona. Zitazame zaidi zile za moyoni: kutofurahia chochote ulichokuwa ukikipenda, kujiona huna thamani au kwamba wewe ni mzigo, kukata tamaa, na kufikiria kifo. Zikidumu karibu kila siku kwa wiki mbili, mwambie daktari, na usipunguze ukali wa maneno yako ukiwa mbele yake. Yakikujia mawazo ya kujidhuru, usisubiri wiki mbili wala miadi. Mwambie mtu aliye karibu nawe saa hiyo hiyo na utafute huduma ya dharura. Ukihisi kwamba dawa fulani inabadilisha hali yako ya moyo, sema pia, lakini usiiache ghafla kwa uamuzi wako, hasa prednisoloni, kwa maana kuiacha kwa mkupuo ni hatari.

Nina ombi kwa wanaomuuguza mtu. Msimsifie kila mchoro kwa kupita kiasi, kwani mgonjwa hutambua haraka sifa anazopewa kwa huruma, naye huacha kuzionyesha kazi zake. Muulizeni alichokuwa akijaribu kukifanya, na msikilize jibu. Msimsahihishe mstari, msimalizie kazi aliyoiacha nusu, na msipange vifaa vyake mahali pazuri pasipofikika. Viwekeni upande wa mkono wake wenye nguvu, ndani ya trei yenye ukingo, vifuniko vya kalamu vikiwa vimelegezwa, maji yakiwa katika chombo kizito kisichopinduka. Akisema leo hataki, iacheni trei palepale.